Mshale Ambao Ekai Hakuchora

Ekai alimaliza Fomu Foo na miguu yake ikakataa kutulia. Alizunguka Lodwar mpaka mbwa wakachoka kumbwekea. Mwishowe ofisi ya chakula cha njaa ikamchukua, na kazi yenyewe kiroja: achore kompyuta ambayo hajawahi kuiona. Ilikuwa Nairobi, na ndiyo ingeamua lori gani ishushe mahindi wapi.

"Ya ndani waachie wenyewe," mkubwa wake, Bwana Omollo, akamwambia. "Wewe chora mpaka. Nani huku nje anaipa habari, nani anapokea kutoka kwake. Kila mlango, mshale. Pasipo na mshale ni ukuta."

"Hata mtu akibisha hodi?"

"Ukuta hauitiki hodi, kijana."

Basi akachora duara kama boma la mbuzi, mashini katikati. Mishale ya redio ikaingia, ya Kakuma, ya Lokori, ya Kainuk, kusema magunia yamefika. Mshale ukatoka kwenda kwa madereva. Watu wa mama yake akawaandika Lopur, si ndiko walikokuwa? Omollo akatia sahihi, mchoro ukaenda, mashini ikafundishwa vile vile.

Kitu kimoja hakuchora. Mturkana akikutana na mwenzake njiani ni salamu, ejok, ejok, halafu habari zote zinamwagwa: mvua imenyesha wapi, nani amehama, ngamia wa nani ameanguka. Hivyo ndivyo watu hujua mambo kule. Sasa nani angefikiria kuchora mdomo?

Jua likakaza. Siku moja dada yake Nakeno akashuka Lodwar na lori tupu, midomo imepasuka.

"Tulihama Lopur zamani, tuko milimani," akasema. "Nilitembea mpaka Kakuma nikamwambia mtu wa redio. Ati anatuma habari ya magunia tu, ya watu kuhama haina mahali. Ekai, mama hasimami tena."

Ekai akakimbia kwa Omollo. "Mzee, nilisahau mshale mmoja. Niongeze!"

Omollo akavua miwani. "Nimeshawauliza Nairobi mambo kama hayo. Watabadilisha msimu ukiisha."

"Basi wewe tuma lori."

"Siku hizi hata mimi lori hazinisikii."

Ekai na Nakeno wakapanda lori ya mahindi. Kupita Kakuma, Ekai akambembeleza dereva, Ngugi, aendelee mpaka milimani.

"Karatasi yangu inasema Lopur, ndugu. Nikipita hapo mimi ni mwizi. Na njia iko wapi?"

Lopur ilikuwa miiba ya boma kuukuu na majivu baridi. Ngugi akashusha magunia yote pale, hakuna hata mtoto wa kuchungulia.

Nakeno akayatazama. "Hiyo mashini, ukiiambia ejok inaitika?"

"Haiitiki."

"Na nyinyi mkaipa chakula yetu iitunze."

Wakafungua gunia moja, wakajaza shuka mbili, wakaelekea milimani. Nakeno alikuwa mbele, haharakishi, kama hakuna tena wa kumwahi. Hilo ndilo lililomtisha Ekai kuliko yote.

Jioni redio ya Kakuma ikaita: Lopur, magunia yote yamefika. Habari ikaingia kwa mashini bila shida. Mshale huo Ekai alikuwa ameuchora kwa rula.