Kaburi la Mzee Rofinus Ukumbini

...tena la vigae vyeupe, shoga, na msalaba, na jina lake kamili! Limeota katikati ya ukumbi wetu wa semina, safu ya tatu, mfuniko umelazwa kando.

Ngoja nianze vizuri. Mzee Rofinus alifariki alfajiri huko chini mjini Ende, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya gereji. Asubuhi nafungua ukumbi nitandike vitambaa, nakuta kaburi. Nikasogeza viti, nikatandika.

Kaburi lenyewe si neno. Kwetu wafu wanalala mbele ya nyumba, na juu ya babu ndiko tunakoanika kakao. Shida ni kwamba nyumba ya Rofinus ilikuwa hapo hapo. Aliwaazima mapadre kiwanja wajenge kibanda cha katekisimu. Kibanda kikawa shule, shule ikawa hii taasisi yetu ya kuchunguza Ukristo na jamii, yeye akaenda kupanga mjini. Mwaka huu tunachunguza watu waliopoteza ardhi.

Mjane wake, Mama Dafrosa, akafika na kikapu cha tambuu. Akaingiza mkono kaburini.

"Lina joto," akasema. "Kama kitanda mtu ametoka sasa hivi."

Padre Egidius, mkurugenzi wetu, akamletea kahawa mwenyewe. "Pole sana, Mama. Lakini hapa ni ukumbi."

"Naona, Padre. Na hili ni kaburi la mume wangu. Niruhusuni tumlaze leo, halafu mwendelee na masomo yenu."

"Kesho tuna kongamano. Wageni wanatoka Jakarta, wengine Roma."

"Si wakae juu yake? Rofinus alipenda wageni. Mnajua wenyewe, nyie mlikuja siku moja mkabaki."

Tukacheka. Padre naye akacheka, halafu machozi yakamtoka, kweli kabisa, maana ana huruma yule. Akasema jambo hili ni zito, linataka utafiti kwanza. Akaniita, "Nona, mrekodi Mama. Usimkatize."

Nikamrekodi. Akaeleza kisima kilipokuwa, na mahali alipojifungua mtoto wake wa kwanza, ambapo siku hizi kuna mashine ya fotokopi. Alipomaliza akaniuliza, "Sasa mtanipa?"

"Sijui, Mama."

"Basi zima hicho kidude, unywe kahawa. Umekonda kama fito."

Jioni Rofinus akazikwa kwenye makaburi ya manispaa, ukutani kabisa, karibu na jalala. Padre Egidius aliongoza ibada vizuri sana, kila mtu alilia. Mama Dafrosa peke yake hakulia. Alikuwa anaangalia huku juu kilimani, kwenye ukumbi wetu.

Kaburi halijaondoka. Tumerudisha mfuniko, tumetandika kitambaa cha kufumwa, na projekta imekaa sawa juu yake. Padre ameongeza sura moja kwenye mada yake. Mama Dafrosa amealikwa, amewekewa kiti cha mbele na chupa ya maji.

Wakati naondoka nikamkuta getini ananisubiri, amebeba mto na shuka.

"Nona, nimechoka kulala kwenye nyumba za watu."

Nikampa ufunguo wa ukumbi. Nikamwonyesha na swichi ya taa, akasema haihitaji.

Sasa niache nipige pasi sare. Kesho wageni wakishaketi, Padre akishafungua kwa sala, nitakuja kukwambia kama kile kiti cha mbele kimepata mtu.