Boma la Akaale Chini ya Maji

Jumanne asubuhi wanawake wa Kanamkemer walishuka kwenye lori huko Ghuba ya Ferguson, wakafunga leso viunoni, wakaingia ziwani na mapanga kung'oa mathenge, ule mti wa miiba. Ziwa lilipofurika miaka michache nyuma lilimeza vijiji pamoja na vichaka vyake, lakini mathenge ilikataa kufa. Iliendelea kumea ndani ya maji, na miiba yake ikachana nyavu hata nyumba nyingi zikawa zinalala njaa.

Asekon, aliyeshuka nao kwenye lori, alikuwa mmoja wa waliopoteza nyavu. Alikuwa pia amempoteza mama yake, Akaale, aliyegoma kuhama maji yalipopanda. Tangu hapo aliishi nyuma ya nyumba ya shemeji yake, akingoja kiwanja ambacho waliofurikiwa waliahidiwa.

Maji yakiwa kifuani, alishika shina nene akavuta. Mkono ulitokea chini ukavuta upande wa pili.

"Achilia," sauti ikasema. "Huo ni ua wa mbuzi zangu."

Asekon aliingiza kichwa majini. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake, shanga zimejaa shingoni kama kawaida, mbuzi wakitafuna maganda ya mathenge nyuma yake. Alikuwa amekonda kidogo.

"Ejok, Mama?" akamsalimu.

"Ejok. Umeniletea tumbaku?"

Hakuwa ameleta, akaona haya. Nelly, mwenyekiti wa kikundi, alifungua pindo la leso akampitishia ya kwake. Kisha akampigia simu afisa wa mradi uliowatuma.

Afisa alifika adhuhuri, akavua viatu, akakunja suruali. Akaale akatoa kichwa nje ya maji ili asimsumbue mgeni kuinama.

"Mama, hapa si mahali pa kuishi," afisa alisema. "Na huu mti ni mbaya. Lazima utoke."

"Si mradi ndio ulituletea? Mlisema unazuia mchanga. Nikaubebea maji na kichwa mpaka ukashika." Akaale alitema tumbaku pembeni. "Nikitoka, nitakaa wapi?"

"Hilo linashughulikiwa."

"Asekon, wewe wamekupatia wapi?"

Asekon aliangalia maji. "Bado, Mama."

"Basi," Akaale akasema, akarudi chini kukamua mbuzi.

Wanawake walikiacha kichaka kile, wakang'oa vingine vyote mpaka ghuba ikawa wazi. Samaki walirudi, na wavuvi wakazoea kupitisha nyavu kando. Kila Asekon alipokuja kuvua alileta tumbaku.

"Huku nafasi iko," mama yake alimwambia siku moja. "Hakuna mtu atakuuliza unahama lini."

Asubuhi hiyo shemeji yake alikuwa amemuuliza hivyo hivyo, kwa upole sana. Asekon alirudi Kanamkemer, akachukua sufuria, godoro na redio, akashuka majini kwa mama yake. Kabla ya mvua familia nyingine kadhaa zilikuwa zimemfuata, na watu wa ufuoni wakaanza kuona moshi wa chai ukitoka ziwani.

Siku moja redio ilitangaza kwamba idadi ya waliofurikiwa wasio na makao imepungua sana, na kwamba ugawaji wa viwanja unaendelea vizuri. Asekon aliinua kichwa kutoka mekoni, akangoja wawataje watu wa ghuba. Walihamia habari za michezo. Akapunguza sauti, akaendelea kupuliza moto.