Joto la Pembeni

Ukimwona Chapuchapu siku za kawaida utadhani hajui woga ni kitu gani. Ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali, na jina hilo alipachikwa na manesi kwa sababu hakuna mashine aliyoiacha ikijikongoja. Hata ile ya chumba cha picha, iliyokuwa inamtia kila mtu kichaa kwa uzembe wake, aliipandisha kasi kupita kiwango cha kiwandani, akatoka humo kifua mbele. Hakuomba ruhusa ya mtu. Nani aombe ruhusa ya kufanya jambo jema, bwana?

Asubuhi hiyo, lakini, woga ulikuwa umemwingia. Mashine hiyohiyo ilikuwa inachora taya la mpwa wake, binti wa dada yake, aliyeota uvimbe ndani ya mfupa. Picha za eksirei huingia vipande vipande, kompyuta ikazipigia hesabu na kutoa taya zima, pamoja na njia ya mshipa wa fahamu unaopita ndani yake. Daktari hukata kwa kufuata mchoro huo. Akiugusa mshipa, mdomo wa mtoto unakufa ganzi maisha yake yote.

"Kaka, hiyo mashine yako haitatuangusha?" dada aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, kandambili za mwanawe mkononi.

"Itatuangushaje? Tazama mwenyewe hapo pembeni mwa skrini, joto la prosesa, ubongo wake, digrii hamsini na nane. Imetulia tuli."

"Mimi nitajuaje hamsini na nane ndiyo nini? Namwamini kaka yangu tu."

Dada akaenda zake kumsindikiza mtoto. Maneno yake yakabaki yanamkera fundi, basi akavuta kiti na kuikodolea macho ile namba. Feni zilianza kuvuma, kisha zikaunguruma. Hamsini na nane. Mchoro ukafika nusu, chumba kikajaa fukuto la plastiki iliyopata moto. Hamsini na tisa. Weee, feni zinahema hivyo kwa joto gani, kama joto lenyewe ndilo hili?

Alifungua ubavu wa mashine akagusa chuma cha kupozea prosesa, na mkono ukarudi wenyewe. Akaingia kwenye mipangilio ya ile programu ya kupimia joto, ndipo akaona alichopaswa kukiona siku ile ya kujitapa. Namba aliyokuwa akiitegemea ilitoka kwenye kipimo cha bodi, kando ya prosesa, mahali panapopigwa upepo na feni. Programu imekiandika "prosesa", naye akalimeza jina hilo bila kulitafuna. Ni kama kupima homa ya mgonjwa kwa kushika shuka. Vipimo vya ndani ya prosesa yenyewe vilikuwa vimefichwa chini kabisa ya orodha, akavifungua. Tisini na tisa. Mia moja na moja. Mia moja na mbili.

Kompyuta ikalia mlio wa kazi kwisha, na mchoro ukaenda wenyewe chumba cha upasuaji, msafi, unapendeza macho.

Hapo ndipo aliposhikwa na hofu ya kweli. Mashine iliyosukumwa kasi na kupikwa namna hiyo si lazima izimike. Inaweza kukosea hesabu kimyakimya, na jibu likatoka limenyooka. Pengine haikukosea. Akinyamaza, nani atajua? Akisema, kazi hana, na jina lake limekwisha. Akajiona mnyonge kweli, kisha akatimua mbio kuelekea chumba cha upasuaji.

Daktari alikuwa ameshavaa glavu, mchoro uko ukutani. Mtoto alikuwa bado macho, akampungia mjomba wake mkono.

"Daktari, usikate," fundi alisema, pumzi hazimtoshi. "Mchoro huo usiuamini. Mashine niliipandisha kasi mimi, na joto nililokuwa napima silo."

Daktari akavua glavu. "Irudishe kama ilivyokuwa. Uchore upya mbele yangu."

Safari hii mashine ilijikokota, na vipimo vya ndani havikuvuka sitini na tano. Fundi hakuthubutu hata kwenda kunywa maji. Mchoro mpya ulipotoka, aliuweka juu ya ule wa kwanza. Mifupa ililingana. Mshipa haukulingana, ulikuwa umesogea kwa unene wa kucha, kuelekea palepale ambapo daktari alikuwa aanze kukata.

Dada, aliyekuwa akisubiri mlangoni, alimkumbatia kaka yake akalia. "Umeniokolea mtoto, kaka. Mungu akuweke." Naye alitaka kuketi tu chini sakafuni.

Daktari alikuwa amesimama nyuma yao. Bado alikuwa anaitazama ile michoro miwili.

"Uliipandisha kasi lini?"

"Wiki iliyopita."

Daktari alivuta kiti, akaketi taratibu.

"Jana nilimpasua mama mmoja kwa mchoro wa mashine hii," alisema. "Tangu azinduke analalamika hausikii mdomo wake. Nimemwambia ni dawa ya ganzi tu, itaisha."