Mtungi wa Tabea

Yonathani alikuwa fundi cherehani wa Makambako. Wakati wa vita jeshi la Mwingereza lilimpeleka mpaka kisiwa cha Seiloni, karibu na Bara Hindi. Huko, alipokuwa akiuguza mguu, Mchina mmoja mwenye duka karibu na hospitali alimfundisha kutazama vyombo vya kale vya kwao: udongo uliochomwa kwa moto mkali hadi ukawa kama jiwe, ukavikwa rangi ing'aayo kama kioo.

Aliporudi akaanza kuvitafuta. Vilikuwepo, maana wapagazi wa zamani walivibeba kutoka pwani. Alishapata kibakuli cha kijani chenye nyufa nyembamba, mithili ya sakitu inapoganda kwenye majani asubuhi.

Kisha akasikia habari za mtungi wa Tabea, mjane aliyelima nje kidogo ya Njombe. Alipanda lori kwenda kuuona. Ulikuwa na masikio manne ya kupitishia kamba, na rangi yake ya asali ilikuwa imetiririka mabegani ikagandia njiani. Ndani mlikuwa na togwa.

"Niuzie, mama."

"Babu yangu aliuleta kichwani kutoka Kilwa," Tabea akasema. "Kunywa togwa, ukapande lori lako."

Yonathani alikunywa, akaenda, akarudi. Kila alipopata nafasi alikuja tena. Alipitisha kidole kwenye ile rangi, akaeleza jinsi majivu na udongo laini huyeyuka tanuruni na kuwa kioo. Tabea alimsikiliza huku akipukuchua mahindi, na siku moja akagundua kwamba amemtengea togwa kabla hajasikia hodi.

Msimu wa kiangazi, Yonathani alipokuwa anaingia uani, cheche kutoka mafigani ilirukia paa la nyasi la jiko, ulimokuwa mtungi. Tabea alikuwa kisimani na kaka yake, Nahumu. Yonathani akajitosa ndani. Walipofika mbio walimkuta nje, nyusi zimeungua, amekumbatia vikapu vya mbegu za ulezi na maharage. Paa likaanguka.

"Na mtungi?" Nahumu akauliza.

Yonathani akashika kichwa. "Mungu wangu! Sikuukumbuka!"

Tabea alicheka hadi akaketi chini, moshi ukimtoa machozi.

Majivu yalipopoa waliufukua. Ulikuwa mweusi tii, na ufa mmoja umeshuka kutoka mdomoni. Waliuosha pamoja kwa maji na mchanga laini, na rangi ya asali ikatokea taratibu chini ya viganja vyao.

Nahumu akamvuta Yonathani kando. "Ndugu yangu, sema kweli. Unamjia dada au mtungi?"

"Nilikuja kwa mtungi."

"Na sasa?"

Tabea akadakia kutoka uani, "Mwambie mtungi hauhami hapa! Anayeutaka ahamishe cherehani."

Akaihamisha. Walifunga ndoa kanisani baada ya mavuno, na Yonathani akawa anashona nguo barazani kwa Tabea, ambako wateja kutoka Njombe hawakukosekana.

Mwaka uliofuata Tabea alikwenda Lugarawa kumwona shangazi yake mgonjwa. Alirudi na kisahani cha kijivu, kimechorwa samaki chini ya rangi, alichopewa na mwanamke wa Kipangwa kwa kubadilishana na kitenge. Njia nzima alikuwa amekipakata.

"Lete nikione!" Yonathani akasema, akiinuka kwenye cherehani.

"Kanawe mikono kwanza," Tabea akamjibu, akakiinua kwenye mwanga akitabasamu peke yake.