Ukuta Usiofika Juu

Twaiba alimaliza diploma ya ujenzi mwezi wa tatu. Mwezi wa nne alishapata nyumba ya kuitoa kasoro, nayo ilikuwa ya babu yake, Mzee Matano, hapo Msambweni. Kuta zote mbili za pembeni zilikuwa na nyufa juu, zikishuka mshazari mpaka madirishani. Kwenye ufa mmoja mjusi alishahamia na familia yake.

"Shikamoo, Bibi. Nishikie ncha ya leso hii."

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo tunagombania leso?"

Bibi Mwanatumu alimwita hivyo tangu utotoni. Mjukuu wa kike ni mke wa babu kwa utani, na Bibi utani huo aliutia chumvi kila siku.

Twaiba alifunga ncha ya pili kwenye chuma cha dirisha, leso ikanyooka. Akaisukuma katikati kwa mpini wa ufagio. Leso ikabonyea, Bibi akayumba.

"Waniangusha!"

"Leso ndilo paa, Bibi. Bati na mbao zake si zege, zajipinda. Upepo wa kusi ukipiga mbele ya nyumba, paa linaupeleka mzigo kwa kuta za pembeni. Nusu umebeba wewe, nusu dirisha." Akaikamata leso katikati kwa mkono mmoja, akasukuma tena, huku na huku. "Na sasa?"

"Sasa nasimama kama bi harusi."

"Kwa sababu nusu nimebeba mimi. Wewe imekubakia robo. Ule ukuta baina ya chumba chako na cha Babu ungefanya kazi hii, lakini umeishia kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango, haugusi paa. Nitaupandisha mpaka juu."

Bibi akaiachia leso. "Hapo juu hapazibwi."

Uwazi ule uliachwa zamani ili upepo upite. Lakini tangu miguu ya Babu ilipokataa kazi, miaka mitatu sasa, akahamishiwa chumba cha karibu na choo, maneno yao yote yalipita hapo.

"Bibi, kusi likija na nguvu kuta zitaanguka."

"Mwache mke wangu mdogo ajenge!" Babu akapaza sauti kutoka upande wa pili.

Bibi akaizoa leso yake, akatoka.

Kesho yake Twaiba alikuwa juu ya ngazi, safu ya kwanza ya matofali imekaa, mazungumzo yakampita chini ya kidevu.

"Mwanatumu, umekula?"

"Nimekula."

"Mbona sikukusikia ukitafuna?"

"Kwa meno gani?"

Babu akacheka mpaka akakohoa. Bibi akageuza sikio. "Maji yako kushoto. Kushoto, Matano! Huko wapapasa dawa."

Kikombe kikagonga meza. Kikohozi kikatulia.

Twaiba alibaki na tofali mkononi. Bibi alimwelekeza Babu kwa sikio tu, bila kumwona hata ukucha. Akafikiri: mzigo wa upepo wahitaji njia ya kushukia, haukusema njia yenyewe iwe ya matofali. Akaiondoa ile safu udongo wake ukiwa bado mbichi, akaenda Ukunda kununua mbao.

Alifanya kazi siku tatu na Issa, fundi seremala. Walisimamisha nguzo fupi juu ya linta, wakazifunga kwa bolti chini na kwenye paa juu, kisha wakapachika mbao zilizopishana kama mkasi. Baina yake hewa tupu.

Wiki ya pili kusi lilivuma adhuhuri, minazi ikainama. Twaiba aliweka kiganja kwenye ukuta wa pembeni. Haukutikisika. Bibi hata hakuutazama. Macho yalikuwa juu, kwenye mbao.

"Matano! Upepo huo, umejifunika?"

Kimya. Twaiba akaanza kujiuliza kama mbao zake zimeziba sauti.

"Matano!"

"Nilikusikia mara ya kwanza," Babu akajibu. "Nilitaka tu uniite tena."

"Mzee huyu hana haya," Bibi akasema, akisogeza kiti chake karibu na ukuta.