Mashimo ya Sanetti

Kasimo alikuwa ameshawaokota mbweha watatu barabarani kabla ya yule. Hao watatu aliwakuta asubuhi wamekwisha kakamaa, manyoya mekundu yameshika sakitu ya umande ulioganda, na mtu akiukuta mzoga namna hiyo anaweza kujidanganya kwamba kifo kilikuja kwa upole. Wa nne alimwona kwa macho yake.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Jua lilikuwa limetoka lakini halijapata nguvu. Kasimo na Bultum, mwenzake wa miaka kumi na moja katika kazi ya kuziba mashimo ya barabara, walikuwa wameegemea makoleo yao wakipokezana kikombe cha kahawa ya chumvi. Barabara ile hupanda kutoka mji wa Goba mpaka uwanda wa Sanetti, juu kabisa ambako mti hauoti, kisha huporomoka upande wa pili hadi msituni, kijijini kwao. Pale katikati ya uwanda ndipo kilipokuwa kipande chao cha kazi, na ndipo mbweha wa farasi walipokuwa wakivuka. Watu wa kule waliwapa jina hilo kwa sababu jike la farasi likikaribia kuzaa, mbweha hao hulifuata nyuma nyuma, wakingoja kondo lianguke.

Mbweha jike alitokea upande wa mabwawa ya uwandani, mdomoni ana fuko mnene anayening'inia. Chuchu zilimjaa maziwa. Alifika ukingoni mwa barabara, akasimama, akawatazama wale wanaume wawili kama anavyotazamwa jirani aliyezoeleka, akaanza kuvuka bila haraka.

Pikapu ya miraa ilitoka kwenye kona ya upande wa msituni kama jiwe lililotupwa na teo.

"Simama!" Kasimo alipiga kelele, wala hakujua anamwambia nani, gari au mnyama.

Ulisikika mshindo mdogo tu, kama gunia la shayiri linapotuliwa. Gari halikupunguza hata mwendo. Vumbi lilipotulia, walimwona yule jike akijivuta kwa miguu ya mbele, nusu ya nyuma ya mwili wake ikimfuata kama kitu kisicho chake. Fuko alikuwa bado mdomoni. Hakumwachia.

"Mmalizie, Kasimo," Bultum alisema kwa sauti ya chini. "Koleo unalo mkononi."

"Wewe je, lako umelisahau nyumbani?"

Hakuna aliyeinua koleo. Walisimama pale, wanaume wawili wenye mvi, mpaka jike lilipolaza kichwa kwenye changarawe. Kisha likatokea dume, jembamba, la mwaka mmoja hivi. Lilimnusa mama yake puani, likamnusa ubavuni, likakaa chini barabarani. Lori la magogo lilikuwa likinguruma kwa mbali. Kasimo alikimbia akiokota mawe, akawa analirushia na kulitukana: "Ondoka, mpumbavu! Unataka nawe upondwe? Ondoka!" Liliruka hatua tatu, likarudi. Akalipiga jiwe la mguu, kwa nguvu, makusudi, mpaka likalia na kukimbilia majanini huku likichechemea. Lori lilipita. Dereva aliwapungia mkono.

Walimzika jike kando ya barabara, wakampangia mawe juu. Bultum, ambaye kwa kawaida alikuwa na utani hata msibani, siku hiyo alifanya kazi mpaka jioni bila mzaha.

Pikapu ile haikuwa ngeni. Dereva wake alikuwa Jundi, kijana wa kijijini kwao, mchangamfu, mwenye jino la dhahabu na deni la kicheko kwa kila mtu. Jumamosi Kasimo alimkuta kwa mama muuza chai, akaketi mbele yake.

"Jumatano umeua mbweha."

"Mzee Kasimo, shikamoo kwanza basi!" Jundi alicheka. "Mbweha? Nilisikia kitu, nikadhani jiwe."

"Alikuwa na watoto shimoni. Sasa wamekufa njaa. Punguza mwendo pale."

Kicheko kikapungua kidogo. "Mzee wangu, miraa inakatwa usiku, lazima ifike Goba haijanyauka. Ikinyauka tajiri hataki kujua habari za mbweha, wala bibi yake mbweha. Na tena nikuulize kwa heshima. Zamani safari hii ilichukua saa sita, gari linatambaa kama kinyonga. Nani aliyeitengeneza barabara mpaka ikateleza kama mkeka? Si wewe na Mzee Bultum? Mmetupa mbawa wenyewe, sasa mnatukataza kuruka?"

Waliokuwepo wakacheka. Kasimo naye alijilazimisha kutabasamu, lakini maneno yale alienda nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo.

Aliwahi kumwomba msimamizi wa barabara aweke matuta pale wanapovuka wanyama. Msimamizi alimjibu kwamba matuta yana utaratibu wake, na utaratibu hauko Sanetti. Basi mvua za mwezi ule zilipochimbua mashimo mapya, Kasimo aliziba ya juu, akaziba ya chini, ila kwenye kile kipande cha mabwawa alipita na toroli lake bila kusimama.

"Umesahau hapa," Bultum alimwita.

"Sijasahau."

Bultum alilitazama shimo, akamtazama mwenzake. "Ahaa. Kumbe leo tunalipwa kwa kutofanya kazi. Kama serikali."

"Ukiona vibaya, ziba wewe."

"Mimi? Goti langu haliniruhusu," alisema Bultum, akasukuma mbele.

Mashimo manne waliyaacha, kisha matano. Kila mvua iliyonyesha iliyaongeza kina, na madereva wakajifunza. Wakifika pale walikanyaga breki, wakatukana, wakapita polepole wakiyumba kama mashua. Wiki tatu hakufa mnyama. Kasimo aliwaona mbweha wakivuka watano kwa pamoja mchana kweupe, yule dume mwembamba akiwa wa mwisho, na gari la abiria likawangoja. Usiku ule alimsimulia mkewe mpaka mkewe akasinzia. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeiba kitu kwa ajili ya maskini.

Siku ya ishirini na tatu ukungu ulishuka mzito, mtu anyooshe mkono asione vidole. Kasimo na Bultum walikuwa wamejibanza chini ya turubai lao, hatua mia mbili kutoka kwenye mashimo, waliposikia gari linapanda kwa kasi kutoka msituni. Kasimo alijua kabla halijafika. Sikio la mtu wa barabara hujua. Kwanza breki, halafu mlio wa chuma kupasuka, halafu sauti ya mwanamke mzee akimwita Mungu.

Ilikuwa pikapu ya Jundi, imelalia ubavu mmoja, gurudumu la mbele limegeukia ndani na ekseli imekatika. Nyuma, mahali pa magunia ya miraa, palikuwa pametandikwa magodoro, na juu yake alilala Loko, mke wa Aliyi, kijana mwingine wa kijijini kwao. Alikuwa amejifungua alfajiri, na tangu hapo damu ilikuwa haikatiki. Mama mkwe wake alikuwa amempakata. Aliyi alikuwa amebaki kijijini na mtoto mchanga na watoto wao wakubwa wawili.

"Wamenikuta nimeshapakia," Jundi alisema, meno yakimgongana. "Nikashusha magunia yote. Nikasema nitamfikisha kwa saa moja. Saa moja, Mzee! Sikuliona shimo. Wallahi sikuliona."

Kasimo alivua shuka lake zito, akamfunika Loko, Bultum akavua lake. Binti yule uso ulikuwa umepauka, lakini alikuwa macho. Alimtambua Kasimo.

"Baba, baridi," alisema.

"Gari lingine linakuja sasa hivi, mwanangu."

Halikuja. Kwenye ukungu ule wengi walikuwa wamesimama huko bondeni, wakingoja upungue. Bultum, na goti lake lile bovu, alikimbia kuelekea upande wa Goba kutafuta msaada. Kasimo alipanda nyuma, akaishika miguu ya Loko kifuani pake, chini ya kanzu, ipate joto. Ilikuwa kama kushika mawe ya mtoni. Mama mkwe alikuwa akisoma dua. Alipochoka alimwambia Loko habari za shambani, za ng'ombe, za jina atakalopewa mtoto, alimradi tu asilale. Ikapita saa moja, ikapita ya pili. Jundi alikuwa chini ya gari akikipiga kile chuma kwa jiwe, akilia kwa hasira, ingawa kila mtu alijua ekseli haiungwi kwa jiwe.

Gari lilipofika, Loko alikuwa bado anapumua. Alifariki mlangoni mwa hospitali. Muuguzi alisema amepoteza damu nyingi mno. Mama mkwe aliuliza, je, wangefika mapema angepona? Muuguzi akamshika bega tu, akamwambia, "Mama, pole."

Siku ya mazishi kijiji kizima kilikuwepo. Aliyi alisimama kaburini mkavu kama mti uliopigwa na radi, hakutoa chozi wala sauti. Watu walipoanza kutawanyika, Jundi alimfuata Kasimo nyuma ya zizi la mbuzi. Siku moja ilikuwa imemzeesha.

"Mzee, uliniambia nipunguze mwendo, nikakucheka mbele za watu. Nimemuua mimi. Mwendo wangu ndio umemuua."

Kwa Kasimo ilikuwa rahisi kunyamaza. Kijana alikuwa ameshaubeba mzigo mwenyewe, wala hakuna aliyeuliza wa nani.

"Jundi," alisema, "lile shimo nililiacha makusudi. Lile na mengine manne. Niliyaacha ili mpunguze mwendo, kwa ajili ya wale wanyama."

Kasimo alingoja ngumi, hata aliitamani.

"Nani mwingine anajua?"

"Bultum."

"Aliyi?"

"Nakwenda kumwambia sasa."

Jundi alimkamata mkono, akaubana mpaka ukauma. "Huendi popote. Nisikilize, Mzee. Ukimwambia, atakuua. Unamjua Aliyi. Atakuua, kisha yeye atafungwa, na wale watoto watatu watabaki na bibi asiyeona vizuri. Unataka kutua mzigo wako, utautua juu ya vichwa vya watoto? Nyamaza. Ukae nao huo mzigo. Na mimi nitakaa na wangu."

Aliondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata alimrudishia tajiri ufunguo wa pikapu, akaenda kulima shayiri kwa mjomba wake. Gari akapewa kijana mwingine, ambaye alikuwa na haraka kuliko yeye.

Kasimo aliyaziba mashimo matano kwa siku moja, peke yake, akashindilia kifusi mpaka viganja vikachubuka. Barabara ikanyooka. Kabla mwezi haujaisha, kulikuwa na mbweha wawili waliokufa kando yake, sungura wasiohesabika, na bundi mmoja aliyetandaza mabawa kama mkeka wa kuswalia. Aliwaburuta, akawazika, akarudi kazini.

Bultum goti lilimshinda kabisa baada ya mbio zile, akahamia kwa binti yake mjini. Msimamizi alitafuta mtu wa kujaza nafasi, na kijijini wote wakasema apewe Aliyi, ana watoto wa kulisha. Basi tangu mwanzo wa kiangazi Kasimo na Aliyi wakawa wanapanda uwandani pamoja alfajiri. Walisukuma toroli moja, wakachovya mkate kwenye bakuli moja. Aliyi alikuwa mtu wa maneno machache na mchapakazi, na alimwita Kasimo baba, kwa kuwa mama yake alikuwa amemsimulia nani aliyeipasha joto miguu ya Loko.

"Baba, wewe pumzika, mimi nitashindilia," humwambia kila alasiri. Na Kasimo huketi, kwa kuwa hana sababu anayoweza kuitaja ya kukataa.

Siku moja ya upepo mkali walikuwa wakisafisha mfereji. Mbweha mchanga, mwenye manyoya ya kijivu bado, aliingia barabarani akifukuza panya, na gari la watalii likampitia. Hili lilisimama. Mwanamke mmoja alishuka, akajishika mdomo, akapanda tena, wakaenda zao. Aliyi alitupa koleo, akaenda, akapiga magoti. Alimnyanyua yule mnyama, akamkalisha kwenye mapaja, akawa anamfuta vumbi usoni kwa ncha ya shuka lake. Mara mabega yake yakaanza kutikisika. Mtu ambaye hakulia kaburini alilia pale katikati ya barabara, kwa sauti ambayo upepo haukuweza kuimeza, akisema neno moja tu, "Mdogo hivi. Mdogo hivi."

Kasimo alimwendea. Alisimama nyuma yake, mkono umenyooka, umekaribia kumgusa bega. Kwa mbali, kwenye kona ya upande wa msituni, kulisikika gari jingine linapanda.

"Tutoke barabarani, mwanangu," alisema.

Aliyi alinyanyuka na mzoga mikononi, akamfuata.