Kanyere Mmoja wa Mangina

Mwalimu Élisée, mkubwa wa shule ya Mangina, alifika Beni na vumbi mpaka kwenye kope, akaenda moja kwa moja biro, ofisi ya shule za kanisa, pale mtaa wa Mulekera. Ilikuwa miaka ya waasi, na juma lile watu walikuwa wamekamatwa njiani. Alitaka kujua neno moja tu: batoto wake watafanyia mtihani wa mwisho nyumbani, ama watatembea mpaka Beni katikati ya wenye bunduki? Sheria ya mkoa ilisema shule yenye watoto thelathini inapewa kituo chake cha mtihani. Yeye alikuwa nao zaidi ya hamsini, na mmoja wao ni Kanyere, binti yake.

Nadège, aliyekuwa akitumikisha ordinatere, yaani kompyuta ya biro, akaingiza disketi, akafungua faili ya watoto wa mtihani wa mkoa mzima. Akaandika amri zake: ibaki teritware, yaani wilaya ya Beni tu, kisha Mangina tu. Mwishoni akaweka ile amri aliyoitunga mwenyewe na kujivunia sana, ya kutupa majina yaliyorudiwa, kwa sababu wakubwa walilalamika eti walimu wanahesabu mtoto mmoja mara mbili. Mashine ikatoa watoto kumi na mmoja.

Élisée akachungulia kioo.

"Nadège mwanangu, bengine umebapeleka wapi?"

Mwingine angekasirika. Nadège ugonjwa wake ulikuwa kutaka kujua. Akaondoa amri zote, akazirudisha moja moja. Teritware: wote wapo. Mangina: wote wapo. Amri yake mwenyewe: basi, wamekwisha. Akajaribu shule za Butembo, akajaribu za Kirumba. Shule kubwa, shule ndogo, zote zilibaki na watoto kumi na kitu, utafikiri akina mama wa kwetu wamekatazwa kuzaa. Na majina ni yaleyale: Paluku mmoja, Kakule mmoja, Masika mmoja, Kanyere mmoja. Safu ya majina ilikuwa fupi, ilishika jina la kwanza peke yake.

Aibu ikampanda, na kicheko nacho. Akaenda dirishani, akaita kwa sauti, "Katungu!" Muuza mihogo akageuka. Mama mwenye jembe akageuka. Mfagiaji wa kanisa akaitika. Na yeye Nadège nyumbani kwao ni Katungu, maana kwa Wanande jina linafuata zamu ya mtoto kuzaliwa, na zamu ni zilezile katika kila nyumba. Tangu utoto analijua jambo hilo, lakini mbele ya mashine alilisahau kabisa.

Akaifuta amri yake, akaandika nyingine inayotazama jina pamoja na la baba na mwaka wa kuzaliwa. Watoto wa Mangina wakarudi, wakajaza kioo. Nadège akamwambia mwalimu kwamba kituo ni chao, hakuna mtoto wa kutembea. Élisée alikuwa akitafuta kwa kidole, akapita Kanyere wa kwanza, akapita wa pili.

"Wangu ni huyu wa tatu," akasema. "Ule Kanyere mmoja ulibakisha kwanza, hapana wangu."